Kuuza Bitcoin kwa Malipo Yanayoweza Kurudishwa: Namna ya Kujenga Uaminifu Hatua kwa Hatua

Anayeuza sarafu ya kidijitali na kulipwa kwa PayPal, kwa kadi ya benki au kwa huduma nyingine inayompa mlipaji haki ya kudai fedha zake baadaye, anafanya biashara ambayo pande zake mbili hazilingani. Sarafu ikishatumwa na muamala wake ukathibitishwa, hakuna ofisi wala mtu mwenye uwezo wa kuirudisha, ilhali fedha alizolipwa zinaweza kuondolewa kwenye akaunti yake wiki kadhaa au hata miezi baadaye kwa sababu ya malalamiko ya mtu mmoja tu. Waraka wa Satoshi Nakamoto wa mwaka 2008, ulioieleza Bitcoin kwa mara ya kwanza, unaanza na tatizo hilohilo: malipo yanapoweza kutenguliwa, haja ya kuaminiana huongezeka, na mfanyabiashara hujikuta akimdai mteja taarifa nyingi ambazo vinginevyo asingezihitaji.

Mimi huanza kwa kujihesabu kuwa mkopeshaji. Kila sarafu ninayoituma ni mkopo, na mkopo huo haulipwi siku fedha zinapoonekana kwenye akaunti yangu, bali siku muda wa pingamizi, yaani muda ambao mlipaji anaweza kudai fedha zake, unapokwisha. Hatua zote zinazofuata zinatokana na mtazamo huo.

Hatua ya 1: Soma masharti ya huduma na ujue mkopo wako unakomaa lini

Kwa PayPal, mnunuzi ana siku 180 tangu siku ya malipo za kufungua pingamizi. Kwa kadi za Visa na Mastercard, muda unaotajwa mara nyingi ni siku 120, ingawa hutegemea aina ya lalamiko. Mlipaji wa Ulaya anayekatwa fedha benki kwa mfumo wa SEPA wa makato ya moja kwa moja anaweza kuzidai ndani ya wiki 8 bila kutoa sababu, na ndani ya miezi 13 ikiwa hakuwahi kuidhinisha makato hayo. Andika muda wa kila njia unayoikubali mahali unapoweza kuuona kila unapofanya biashara.

Soma pia kinga yako mwenyewe. Kinga ya muuzaji katika huduma nyingi haihusu bidhaa zinazofanana na fedha taslimu wala uwekezaji, hivyo usitarajie kutetewa. Malipo ya PayPal ya aina ya marafiki na familia, ambayo wauzaji wengi huyaona kuwa salama, humnyima mnunuzi kinga ya mnunuzi tu. Hayazuii fedha kurudishwa iwapo akaunti iliibwa au iwapo zilitoka kwenye kadi ambayo mwenyewe analalamika benki. Iwapo masharti ya huduma au sheria za nchi yako zinakataza biashara hii, iache njia hiyo. Anayeandika kwamba malipo ni ya kazi ya usanifu wakati ameuza sarafu anajifunga kitanzi, kwa sababu siku ya pingamizi atatakiwa kuthibitisha kazi ambayo haikufanyika.

Hatua ya 2: Hakikisha unayezungumza naye ndiye mwenye akaunti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Malipo hurudishwa na watu wa aina tatu: mnunuzi mwongo aliyepokea sarafu zake na kudai hakupokea kitu, mwenye akaunti iliyodukuliwa, ambaye hana kosa lolote, na mtu wa tatu aliyetumiwa na tapeli kama daraja. Wauzaji wapya humwogopa zaidi yule wa kwanza. Mimi nawahofia zaidi wawili wa mwisho, kwa kuwa malalamiko yao ni ya kweli na huduma ya malipo itakuwa na haki ya kuwasikiliza.

Utapeli wa daraja hufanyika hivi. Tapeli hutangaza simu kwa bei nafuu mahali fulani mtandaoni. Mteja wa simu anapojitokeza, tapeli anakuja kwako wakati huohuo akisema anataka Bitcoin za thamani hiyohiyo, anachukua anwani yako ya malipo na kumpa yule mteja. Fedha zinaingia kwako kutoka akaunti halali ya mtu halali, wewe unatuma sarafu kwa tapeli, na baada ya siku chache mteja wa simu analalamika kwamba hakuletewa mzigo wake.

Kinga ya kwanza ni kukataa kabisa malipo ya mtu wa tatu: jina la akaunti inayolipa lazima liwe lilelile la mtu uliyemthibitisha, hata kama anasema analipiwa na kaka yake. Kinga ya pili ni maneno ya muamala. Mwambie mlipaji aandike kwenye sehemu ya maelezo, neno kwa neno: “Nanunua Bitcoin na nimeelewa kwamba zikishatumwa hazirudi.” Mteja wa simu akiagizwa kuandika maneno hayo atashtuka na kuuliza maswali, jambo ambalo tapeli halitaki. Malipo yakiingia yakiwa na maelezo matupu, au yakitaja bidhaa nyingine, rudisha fedha zote kwa njia ileile zilikotoka na usitume kitu.

Kwa akaunti iliyodukuliwa, uchunguzi ni mgumu zaidi. Baadhi ya wauzaji hutuma kiasi kidogo chenye namba ya siri kwenye maelezo na kumtaka mnunuzi aisome. Zoezi hilo linathibitisha kwamba anaweza kuingia kwenye akaunti, na mwizi naye anaweza. Linalosaidia zaidi ni mazungumzo ya video ambapo mnunuzi anaonyesha kitambulisho chake kando ya uso, akiwa ameshika karatasi aliyoandika kwa mkono tarehe ya siku hiyo na lengo la malipo. Picha pekee haitoshi, kwani picha za vitambulisho vya watu huuzwa pamoja na akaunti zao. Mnunuzi mwaminifu anaweza kukataa kukupa taarifa hizo, na ana haki hiyo. Wewe nawe una haki ya kumwelekeza kwenye njia ya malipo isiyorudishika. Ukizipokea, zihifadhi kwa usiri na uzifute muda wa pingamizi ukipita.

Hatua ya 3: Tafuta utambulisho wenye historia, na uisome historia hiyo vizuri

Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara wa Bitcoin-OTC, soko la mtandaoni la watu kuuziana Bitcoin moja kwa moja, walikuwa na utaratibu ambao bado unafundisha. Kila mmoja alijitambulisha kwa ufunguo wa PGP, teknolojia ya kuficha ujumbe na kuutia saini kidijitali iliyotolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991, na wenzake walimpa alama kuanzia -10 hadi 10. Jina linaweza kuigwa na akaunti ya jukwaa inaweza kununuliwa, lakini asiyekuwa na ufunguo binafsi, ule ambao mwenyewe huuweka siri, hawezi kutia saini ujumbe mpya. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ndiye yule mwenye sifa njema ya miaka mingi, mpe sentensi uliyoitunga wewe, yenye tarehe ya leo, aitie saini kwa ufunguo wake wa zamani au kwa anwani ya Bitcoin aliyokwisha kuitumia hadharani, kisha uihakiki mwenyewe.

Unaposoma alama, angalia nani amezitoa, kwa biashara ya kiasi gani, na zamani kiasi gani. Alama nyingi hutolewa siku ileile ya biashara, yaani kabla mkopo haujakomaa. Mtu mwenye sifa ishirini zilizokusanywa mwezi mmoja bado hajathibitisha lolote kuhusu kurudisha malipo. Mwenye sifa tatu za mwaka jana kutoka kwa watu unaowajua, ambao hawajazifuta, amethibitisha mengi. Ni vyema uwaandikie waliotoa alama hizo na kuwauliza kwa ufupi kama fedha zao zilibaki.

Hatua ya 4: Weka kikomo, na ukiongeze kwa mikopo iliyokomaa

Kwa kila mnunuzi hesabu jumla ya malipo ambayo muda wake wa pingamizi haujapita. Jumla hiyo ndiyo deni lake kwako, na ndiyo inayopaswa kuwa na kikomo. Kikomo cha muamala mmoja mmoja hakikulindi. Tuseme umempangia mnunuzi mpya dola 50, naye akanunua za dola 40 mara tatu katika wiki moja. Kila muamala uko chini ya kikomo, lakini deni lake limefika dola 120 na hakuna hata dola moja iliyokomaa. Matapeli wenye subira hutumia mwanya huu hasa: biashara ndogondogo nyingi, salamu nzuri, kisha ombi moja kubwa la haraka.

Daftari langu lina safu tano tu: tarehe, jina lililothibitishwa, kiasi, njia ya malipo na tarehe ya kukomaa. Kikomo cha mnunuzi hupanda pale tu malipo yake ya zamani yanapovuka tarehe ya kukomaa, hata akilalamika kwamba ninachelewa. Weka pia kikomo cha wanunuzi wote kwa pamoja, kisizidi kiasi ambacho ukikipoteza chote bado utaendelea kuishi. Kuhamisha salio kwenda benki hakupunguzi deni hilo, kwa kuwa malipo yakirudishwa akaunti itakuwa na salio hasi na huduma itakudai.

Bei nayo ni sehemu ya hatua hii. Ukiuza mara 20 sarafu za dola 100 kwa nyongeza ya asilimia 5 juu ya thamani yake, halafu malipo mamoja yakarudishwa, utakuwa umepokea dola 1,995 kwa sarafu za dola 2,000, kabla ya kuhesabu ada. Nyongeza inapaswa kuakisi hatari hiyo. Hata hivyo, mnunuzi anayekubali nyongeza yoyote bila kuuliza mtazame kwa makini, kwa sababu anayelipa kwa fedha za mtu mwingine haumizwi na bei.

Hatua ya 5: Tumia amana pale inaposaidia

Amana ni sarafu zinazoshikiliwa na mtu wa kati hadi masharti ya biashara yatimie. Mtunza amana anayeziachilia mara tu malipo yanapoingia hamlindi muuzaji dhidi ya kurudishwa kwa malipo. LocalBitcoins, tovuti ya watu kuuziana Bitcoin iliyofanya kazi kutoka Ufini tangu 2012 hadi 2023, ilishikilia sarafu za muuzaji wakati wa biashara, lakini sarafu zikishaachiliwa hatari iliyobaki ilikuwa ya muuzaji. Amana inasaidia iwapo inadumu hadi tarehe ya kukomaa, kwa mfano katika pochi yenye funguo tatu, mmoja wa muuzaji, mmoja wa mnunuzi na mmoja wa msuluhishi mnayemkubali wote, inayohitaji saini za wawili kati yao. Wanunuzi wachache watakubali kusubiri miezi sita. Suluhu ya kati ni kuachilia sehemu leo na sehemu baadaye, kwa makubaliano yaliyotiwa saini na pande zote mbili.

Hatua ya 6: Siku ya biashara

Thibitisha malipo kwa kuingia mwenyewe kwenye akaunti yako, kamwe si kwa baruapepe wala skrinishoti. Hakikisha hayasubiri uhakiki, linganisha jina, soma maelezo, halafu tuma. Mpe mnunuzi namba ya muamala ili aufuatilie. Bloku ya Bitcoin, yaani kundi la miamala inayoandikwa kwa pamoja, hupatikana kwa wastani wa kila dakika 10, na wengi huuhesabu muamala kuwa thabiti baada ya uthibitisho 6, yaani bloku sita kuanzia ile iliyoubeba. Mwombe ujumbe wa kukiri kupokea, wenye saini yake na namba hiyohiyo.

Hatua ya 7: Pingamizi likifunguliwa

Jibu ndani ya muda uliopewa, hata kama unaamini utashindwa. Wasilisha mazungumzo, maelezo ya malipo yaliyoandikwa na mlipaji, namba ya muamala na ujumbe wa kukiri kupokea, vikiwa vimepangwa kwa tarehe na kuelezwa kwa lugha ambayo karani asiyejua sarafu za kidijitali ataielewa. Kisha mwandikie mnunuzi moja kwa moja, kwa adabu, ukimuuliza kama ndiye aliyefungua pingamizi. Mara nyingine ni mwenye akaunti halisi ambaye hata hajui wewe ni nani, na hapo msaada wako kwake ni kumpa kumbukumbu atakazozihitaji kuripoti wizi. Ikiwa ni mnunuzi wako mwenyewe, toa alama hasi yenye ushahidi, ukificha taarifa zake binafsi. Akilipa baadaye, rekebisha alama hiyo useme amelipa, na kama anataka kununua tena, kikomo chake kinaanza upya kama cha mgeni.