Tumbili jikoni, popo darini, nyoka kwenye kuni

Mnyama wa porini anayeingia uani kwako amefuata kimoja kati ya vitu vitatu: chakula, maji au pa kulala. Ukijua alichofuata, nusu ya kazi imekwisha. Usipojua, utamfukuza leo na kesho atarudi na wenzake. Haya ni maelekezo kwa anayeishi Entebbe, Jinja, Masindi, Kasese au kijiji chochote cha Uganda ambako msitu, ziwa au mbuga haiko mbali.

Tumbili

Entebbe tumbili ni majirani. Saa ya chakula cha mchana wanaijua kuliko watoto wa shule. Kundi likishaonja posho, yaani ugali, ya nyumba yako, nyumba hiyo inaingia kwenye mzunguko wao wa kila siku, na kuitoa humo huchukua wiki kadhaa za kutopata hata ganda.

Anza na pipa la taka. Kifuniko kilichokaa tu juu ya pipa hakimzuii tumbili. Anakiinua kwa mkono mmoja. Kata ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, uvute kutoka mshikio mmoja wa pipa, upite juu ya kifuniko, uufunge mshikio wa pili. Pipa lenyewe lifungwe kwenye nguzo, maana wakishindwa kulifungua watalisukuma lianguke. Taka za kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) zisilale nje kungoja gari la taka.

Mkungu wa matoke ukianza kuiva, uingize ndani na uufunike kwa gunia. Dirisha la jikoni liwekewe wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 2 au 3, kwa sababu mtoto wa tumbili hupenya katikati ya nondo za kawaida, kisha mama yake humngoja nje apokee mkate. Matawi yanayokaribia paa yakatwe hadi nafasi ifike angalau mita 3.

Ukimkuta ameshaingia, usifunge mlango. Tumbili aliyebanwa ndiye anayeuma. Fungua mlango wa nje, rudi nyuma, simama kando ya njia yake. Usimkazie macho na usicheke kwa kuonyesha meno, kwake hiyo ni dalili ya ugomvi. Akishakunyakua ndizi mkononi, mwachie. Manati tunayakataa kabisa: jiwe likimpata mtoto, kundi zima linakugeukia, na atakayeumwa mara nyingi ni mtoto wa jirani asiyejua chochote.

Akikuuma au akikukwaruza hadi damu itoke, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Zihesabu kwa saa, maana watu wengi huosha dakika mbili wakaona inatosha. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Chanjo ya kichaa hudungwa kwa awamu, kuanzia siku unayofika, kisha siku ya 3, ya 7 na nyingine utakazopangiwa. Dalili zikishatokea, ugonjwa huo hauna tiba. Hesabu ni ileile kwa nguchiro, mbweha, popo na mbwa asiyejulikana, na mbwa ndiye anayeleta takriban visa vyote.

Popo darini

Popo wadogo wanaokula wadudu hupenda nyumba za mabati kwa sababu dari lake lina joto. Njia yao kuu ni pale mawimbi ya bati yanapokutana na ukuta: tundu la sentimita moja na nusu linawatosha. Kinyesi chao hufanana na cha panya, ila ukikifinya kwa kijiti huvunjika kuwa unga unaometameta kwa mabawa ya wadudu. Cha panya ni kigumu.

Kuwatoa kunafuata mpangilio huu:

1. Kaa nje jioni mbili mfululizo, saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu, mmoja mbele ya nyumba na mwingine nyuma. Tieni alama kila tundu wanalotokea. Chini yake huwa na doa la mafuta la kahawia.
2. Mchana, ziba matundu mengine yote yasiyotumika. Yale yanayotumika yaache wazi.
3. Kwenye kila tundu linalotumika, ingiza kipande cha bomba la plastiki la inchi 2 chenye urefu wa sentimita 25, kielekee chini, kisha ziba pembeni mwake. Kwenye mdomo wa nje funga mfuko mwepesi wa plastiki uliokatwa kitako. Popo akitoka anateleza hadi nje. Akitaka kurudi, mfuko umejikunja na plastiki haina pa kushika kucha.
4. Subiri usiku 5 hadi 7 bila mvua kubwa. Jioni ya mwisho kaa tena uangalie. Asipotoka hata mmoja, toa mabomba uzibe kwa saruji.

Kosa linalojirudia ni kuziba usiku kwa kudhani wote wametoka. Watoto wasioweza kuruka hubaki ndani, hufa, na harufu yake haitoki kwa mwezi mzima. Ukisikia sauti nyembamba za vitoto mchana, ahirisha kazi kwa wiki 6 hadi 8. Moshi nao umeunguza nyumba za watu, na dawa ya wadudu huwaangusha popo uani wakiwa hai, ndipo watoto wanapowaokota.

Kinyesi usikifagie kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Vaa barakoa na glavu, kinyunyizie maji yenye klorini hadi kilowe, kisha kikusanye kwa koleo.

Hofu ya Marburg, homa kali inayoletwa na virusi, isikufanye uuchome moto mti wenye popo. Virusi hivyo vinahusishwa na popo wa matunda wanaoishi mapangoni: mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua, na mwaka uliofuata waliugua watalii wawili walioingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo. Kwa hiyo pango na shimo la mgodi usiingie, na tunda lililotafunwa na popo usile.

Nyoka

Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata nafaka. Mahindi yaliyomwagika chini ya ghala ndiyo mwanzo wa nyoka chumbani. Weka nafaka kwenye pipa lenye kifuniko. Kuni zipange juu ya jukwaa lenye urefu wa sentimita 30, mbali na ukuta, na unapochukua kigogo kisukume kwanza kwa fimbo ndefu. Rundo la matofali la tangu mwaka juzi liondolewe. Banda la kuku lisiegemee ukuta wa chumba cha kulala. Chini ya mlango pigilia ukanda wa tairi uguse sakafu.

Mafuta ya taa, kitunguu saumu, tairi lililochomwa na unga wa kiberiti havizuii nyoka. Ni fedha iliyopotea. Afadhali ununue tochi. Waathirika wengi huumwa mguuni wakienda msalani gizani bila viatu. Ssalambwa, yaani kifutu, ana rangi ya majani makavu na hakimbii akisikia hatua; hutulia palepale hadi umkanyage. Anayelala chini kwenye mkeka achomeke neti ya mbu chini ya mkeka pande zote nne. Neti hiyo humzuia nyoka kama inavyomzuia mbu.

Akiwa ndani ya nyumba, toa watu wote. Mmoja abaki akimtazama kutoka mita 3 au zaidi, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni anatisha kuliko anayeonekana. Fungeni milango ya vyumba vingine, mzibe chini yake kwa nguo, fungueni wa nje, kisha mnyamaze. Mara nyingi hutoka mwenyewe. Asipotoka, tafuteni mtu aliyefunzwa kukamata nyoka. Vijana wenye fimbo wakiingia, mmoja wao huumwa, na hilo si bahati mbaya: nyoka anayepigwa huruka kuelekea anayempiga. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma kwa muda mrefu baadaye, kwa hiyo kisiguswe kwa mkono.

Swila mwenye kutema hulenga macho. Sumu ikiingia jichoni, mimina maji safi mfululizo kwa dakika 15 au 20, jicho likiwa wazi, kisha nenda hospitali. Usisugue.

Mtu akiumwa, fanya hivi. Msogeze mbali na nyoka, mlaze, mtulize. Mvue pete, bangili, saa na kiatu kabla ya uvimbe. Funga ubao au fimbo mbili kando ya mguu au mkono ili usikunjike, kama unavyofunga mfupa uliovunjika, bila kukaza. Andika saa aliyoumwa. Gari lisipopatikana, boda boda inafaa: dereva mbele, mgonjwa katikati, mtu wa tatu nyuma akimshikilia. Asitembee, maana misuli ikifanya kazi husukuma sumu. Nyoka mpige picha ukiwa mbali kama inawezekana, ila usipoteze dakika kwa hilo.

Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Kamba ikikaa saa mbili, mguu unaweza kupotea hata kama nyoka hakutia sumu. Jiwe jeusi la kubandika kwenye jeraha linauzwa sokoni na lina wapenzi wengi, kwa kuwa mara nyingi nyoka huuma bila kutia sumu na mgonjwa hupona jiwe likiwa limebandikwa. Kwa aliyetiwa sumu, jiwe linampotezea muda tu.

Piga simu hospitali kabla ya kufika uulize kama wana dawa ya sumu ya nyoka, kwani si kila kituo huwa nayo. Waambie haraka ukiona kope zinalegea, maneno yanavurugika, mate yanashindwa kumezwa au ufizi unatoka damu. Kituo kisicho na vifaa kinaweza kupima hivi: mililita 2 za damu kwenye chupa ya kioo safi na kavu, iachwe dakika 20 bila kuguswa, kisha iinamishwe mara moja. Damu ikitiririka, haigandi, na mgonjwa anahitaji dawa hiyo. Chupa ya plastiki hudanganya katika kipimo hiki. Asiye na dalili bado aangaliwe kwa saa 24.

Siafu

Siafu, au nsanafu, hupita baada ya mvua, na wakiingia usiku hakuna cha kushindana nao. Toa watoto wachanga na wagonjwa kwanza. Kisha fungua banda la kuku na ukate kamba za mbuzi: kuku aliyefungiwa hufa, aliye huru hukimbia. Wapishe. Baada ya saa chache wataondoka wakiwa wamemaliza mende, kunguni na vitoto vya panya, kazi ambayo dawa ya dukani haijawahi kuifanya hivyo. Jivu la moto likimwagwa mbele ya mlango huwageuza njia. Petroli usimwage, jiko li karibu.

Wengine kwa ufupi

Nyuki walioning'inia mtini kama shungi wamepumzika tu. Mara nyingi huhama ndani ya siku 1 hadi 3. Walioingia ukutani ni kazi ya mfugaji wa nyuki, jioni, kwa moshi. Wakikushambulia, funika uso, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, kisha kwangua miiba kwa ukucha upesi.

Kenge anataka mayai. Yaokote mara mbili kwa siku na uzibe matundu ya banda, naye atahama. Usimshike, mkia wake unachapa kama kiboko cha ngozi.

Kaloli, yule korongo mkubwa wa Kampala, hana neno. Usimlishe tu, na usiegeshe gari chini ya kiota.

Kiboko mwenyewe ni habari nyingine. Katwe, Katunguru na vijiji vingine vya wavuvi huko Kasese na Rubirizi, kiboko hutoka majini jua likishazama akale nyasi, akarudi kabla ya mapambazuko. Saa hizo usichote maji wala usipite njia zake zilizolimika ufukweni. Usisimame kamwe kati yake na maji. Ukikutana naye, zima kelele, rudi taratibu nyuma ya mti mnene au ukuta, mbio humwezi.

Kwa mnyama mkubwa, mwarifu mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji) na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda walio karibu. Kuua mnyama wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019. Sheria hiyohiyo imeweka mpango wa fidia kwa kifo, jeraha au hasara iliyoletwa na wanyama walioorodheshwa, kama tembo, simba, mamba na kiboko. Piga picha za nyayo na uharibifu kabla ya kufagia au kulima upya, weka kitu chenye ukubwa unaojulikana kando ya unyayo, na utafute majirani wawili waone kwa macho yao, kwa sababu mkaguzi atakayefika baada ya siku tatu na mvua mbili atakuta tope tupu.