Jinsi ya kuuliza watu wa Kigoma kuhusu magonjwa ya mlipuko na ulinzi wa mpaka

Kabla ya kumhoji mtu yeyote Kibirizi au Katonga, pita kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa ukiwa na barua ya utambulisho. Huku mpakani, mgeni mwenye daftari anayeuliza habari za Burundi na Kongo hudhaniwa ametoka Uhamiaji, na familia nyingi zina shemeji au bibi ng'ambo. Eleza taarifa zinakwenda wapi. Jina usiandike.

Wavuvi wa dagaa uwafuate siku za mbalamwezi. Usiku wa giza wako ziwani na taa zao, mchana wamelala, na ukimwamsha mtu atakujibu ilimradi uondoke.

Kazi yenyewe iko kwenye maswali. Usiulize, "Je, unakubali mpaka ufungwe ili kulinda afya na usalama wa nchi?" Nani atakataa usalama wa nchi mbele ya mgeni? Uliza ugonjwa peke yake, ulinzi peke yake. Mama anayeuza mawese anaweza kutaka kila anayeshuka botini apimwe joto, na bado asitake mpaka ufungwe, kwa kuwa wateja wake wako ng'ambo. Hapo hajajichanganya, anajua anachosema. Andika yote mawili.

Anza na alichofanya, ndipo uje kwenye anachoamini. Wengi wanakumbuka kipindupindu cha mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kijiji cha mpakani cha Kagunga na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini. Waulize: mlichemsha maji? Nani aliwaambia, na mlimwamini? Kwa Uviko, swali la kufungiwa ndani halina maana, sisi Tanzania hatukufungiwa. Uliza shule zilipofungwa Machi 2020, ndoo za kunawia kwenye milango ya maduka, na chanjo iliyoanza Julai 2021. Mtu asipokuwa na tukio la kushika, atakurudishia alichosikia redioni.

Ziwa Tanganyika nalo lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ila hilo lilikuwa la kupumzisha samaki. Mkumbushe mvuvi mapema, la sivyo hasira za uvuvi zitaingia kwenye majibu ya afya.

Mume akimjibia mkewe, mwache amalize, andika kuwa ni maoni yake yeye, halafu omba kuongea na mama peke yake.

Na "sijui" ibaki "sijui". Nimeona wasimamizi wakiihesabu kama "ndiyo", na jambo hilo linaniuma sana, maana kijiji chenye "sijui" nyingi kinahitaji mtu wa kukaa nacho na kukieleza, nacho kinaandikwa kwamba kimeshakubali. Matokeo yakiwa tayari, yarudishe kwa mwenyekiti yuleyule, kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi ya mtaa ambapo waliokujibu watayasoma.