Nauli ya meli imeshuka baada ya kuweka nafasi: kudai tofauti bila kupoteza salio la melini

Nauli za meli za kitalii hupanda na kushuka mpaka siku chache kabla ya meli kung'oa nanga, na kampuni hazina desturi ya kumpigia simu mtu aliyekwisha kuweka nafasi ili kumjulisha kwamba chumba kama chake sasa kinauzwa rahisi. Tofauti hiyo huipata anayeiomba, tena akiiomba mapema. Kuomba kwenyewe ni simu ya dakika kumi. Kazi iko kwenye kujua kama bei mpya ni nafuu kweli ukihesabu na salio la melini, yaani fedha za kutumia ndani ya meli unazopewa pamoja na nafasi, ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini imekuwa ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Soma ankara yako upya

Tafuta mambo manne na uyaandike mahali pamoja.

Kwanza, tarehe ya malipo ya mwisho. Kwa safari za kawaida huwa kati ya siku 75 na 120 kabla ya kuondoka, na kwa safari ndefu huweza kuwa mapema zaidi. Huo ndio mpaka. Kabla yake, kampuni nyingi hukubali kukuhamishia kwenye bei mpya. Baada yake unabaki kutegemea hisani. Kumbuka pia kwamba ukimaliza kulipa mapema kwa hiari yako, mpaka hausogei. Bado unaweza kudai hadi tarehe iliyoandikwa, na ziada itarudi kwenye kadi yako.

Pili, malipo ya awali: yanarejeshwa au hayarejeshwi? Yasiyorejeshwa hayakuzuii kuomba bei mpya kwa meli ileile na tarehe ileile. Yanakubana ukitaka kufuta, au kuhamia safari nyingine, maana hapo kampuni nyingi hutoza ada kwa kila abiria.

Tatu, msimbo wa daraja la chumba. Si neno "roshani" au "dirisha", bali zile herufi na tarakimu fupi zinazokaa karibu na namba ya chumba.

Nne, nani aliyekuuzia. Kama ni wakala wa safari, nafasi hiyo iko mikononi mwake na kampuni ya meli itakataa kuigusa ukiipigia mwenyewe. Muulize wakala mwisho wake ni lini, kwa sababu mawakala wengi hujiwekea tarehe iliyo siku kadhaa kabla ya ile ya kampuni. Anayepiga simu siku ya mwisho ya kampuni mara nyingi hukuta wakala amefunga, au ofisi iko kwenye saa za nchi nyingine na siku imekwisha kupita huko.

Hatua ya 2: Fuatilia bei

Mara moja kwa wiki inatosha, kisha kila siku katika siku kumi za mwisho kabla ya malipo ya mwisho. Kipindi hicho ndicho watu waliokuwa wakisitasita hufuta nafasi zao, vyumba vinarudi sokoni kwa pamoja, na bei hulegea.

Zipo huduma za kukutumia taarifa bei ikishuka. Zitumie kama kengele tu. Nyingi hufuatilia bei ya chini kabisa ya aina nzima ya chumba, kwa hiyo zitakuamsha usiku kwa sababu ya chumba cha daraja la chini kuliko chako. Jedwali lako mwenyewe lenye safu tano (tarehe, msimbo, jumla, ofa, salio) linazishinda zote.

Hatua ya 3: Linganisha jumla kwa jumla

Usiamini bei ya ukurasa wa mbele wa tovuti. Ile ni ya kuvutia macho: mtu mmoja, chumba cha bei ya chini kabisa, na mara nyingi ni chumba ambacho kampuni itakuchagulia yenyewe baadaye. Chumba cha namna hiyo huandikwa GTY kwenye ankara. Kama wewe ulichagua chumba chako kwa namba, bei ya GTY haikuhusu, isipokuwa uko tayari kuachia chumba ulichonacho.

Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, kisha uige uwekaji wa nafasi tangu mwanzo hadi ukurasa wa malipo, bila kulipa. Weka idadi ileile ya watu, umri uleule, nchi ileile ya makazi, sarafu ileile na msimbo uleule wa daraja. Kila kimoja kati ya hivyo hubadilisha bei. Abiria wa tatu na wa nne chumbani wana nauli yao, na ofa ya watoto kusafiri bure inaweza kuwapo leo na kesho isiwepo. Punguzo la wakazi wa eneo fulani, la wazee au la abiria wa zamani halitatokea mpaka ulijaze. Na bei ya tovuti ya nchi nyingine si hoja, hata ukiitumia picha ya skrini.

Kisha kuna mtego wa kodi na ada za bandari. Tangu Julai 2024, kwa sababu ya sheria ya jimbo la California, kampuni kubwa zinazouza Marekani huonyesha bei yenye kodi na ada ndani yake. Ankara yako inaweza kuwa inatenganisha nauli na kodi, na tovuti za nchi nyingine zinaweza kufanya vivyo hivyo. Ukilinganisha nauli tupu ya upande mmoja na jumla ya upande wa pili, utaona bei imepanda wakati imeshuka, au kinyume chake. Kodi na ada hazishuki pamoja na nauli, kwa hiyo njia salama ni moja: jumla ya mwisho ya chumba kizima, kodi zikiwamo, bakshishi na bima zikiwa zimeondolewa pande zote mbili.

Sasa linakuja jambo linalowaliza watu. Ukihamia bei mpya, unahamia ofa mpya nzima. Huchukui nauli ya leo ukabaki na zawadi za siku ulipoweka nafasi. Salio la melini, kifurushi cha vinywaji, intaneti, bakshishi iliyokwisha kulipiwa: vyote vya ofa ya zamani huondoka, na vya ofa ya leo, kama vipo, ndivyo vinavyoingia.

Tuseme watu wawili wameweka nafasi ya siku 7 kwa dola 1,180 kila mmoja, yaani 2,360, na ofa yao ina salio la dola 200 kwa chumba. Leo daraja lilelile ni dola 1,040 kila mmoja, yaani 2,080, lakini salio ni dola 50. Macho yanaona dola 280. Toa dola 150 za salio linalopotea: faida ni 130. Bado ni nzuri, chukua.

Lakini tuseme ofa ya zamani ilikuwa pia na bakshishi ya kila siku ndani yake, dola 16 kwa mtu. Mara watu 2, mara siku 7, ni dola 224. Ofa mpya haina. Zile 130 zimegeuka kuwa hasara ya dola 94, na bei "imeshuka".

Usihesabu kila zawadi kwa bei ya orodha. Kifurushi cha vinywaji kwa mtu anayekunywa soda mbili kwa siku kina thamani ya soda mbili kwa siku. Bakshishi ihesabu kwa ukamilifu wake, kwa kuwa ungeilipa tu. Salio lisilorejeshwa, yaani linalopotea lisipotumika, lihesabu kwa ukamilifu ikiwa una hakika litakwenda kwenye kitu ambacho ungekilipia hata hivyo. Kama sivyo, lipunguze.

Mwisho wa hatua hii, angalia salio limetoka kwa nani. La ofa ya kampuni hufuata ofa. La wakala hutoka kwenye kamisheni yake, na nauli ikishuka kamisheni nayo hushuka, kwa hiyo muulize kwa maandishi kama litabaki vilevile. Lile wanalopewa wenye hisa za kampuni ya meli ni haki inayosimama peke yake.

Hatua ya 4: Omba

Piga simu au uandike, ukiwa na namba ya nafasi, msimbo wa daraja, jumla mpya na saa uliyoiona. Sema hivi: "Naomba nafasi hii ihamishiwe bei ya leo, chumba kilekile, bila kufutwa. Kabla hujabadilisha chochote nisomee jumla mpya na ofa zitakazobaki." Sentensi ya pili ndiyo muhimu. Wahudumu wengine hubonyeza kwanza na kueleza baadaye, na ofa ya zamani ikishaondoka mara nyingi hairudi.

Usifute mwenyewe mtandaoni kwa nia ya kuweka upya. Chumba chako kitaingia sokoni, na malipo ya awali yasiyorejeshwa yatakuwa yamekwenda.

Mhudumu akikataa bila sababu inayoeleweka, shukuru, kata simu, piga tena upate mwingine.

Hatua ya 5: Kagua ankara mpya

Siku hiyohiyo. Namba ya chumba, muda wa chakula cha jioni, namba ya uanachama, usafiri wa kwenda bandarini, salio, tarehe ya malipo ya mwisho. Kama ulikata bima ya safari kwa thamani ya zamani, iarifu kampuni ya bima kwamba gharama imepungua.

Hatua ya 6: Bei ikishuka baada ya malipo ya mwisho

Fedha taslimu usizitegemee. Omba moja kati ya mawili: tofauti ilipwe kama salio la melini, au upandishwe daraja. La pili mara nyingi ni rahisi kukubaliwa, kwa sababu chumba cha juu kilicho wazi hakiigharimu kampuni kitu. Kama daraja la juu sasa linauzwa kwa bei uliyolipia daraja lako, taja msimbo wake waziwazi, usiseme tu "naomba kitu kizuri zaidi".

Baadhi ya nauli huja na ulinzi wa bei unaoendelea hata baada ya malipo ya mwisho, na tofauti hutolewa kama salio lisilorejeshwa. Angalia jina la nauli ndani ya ankara, kisha usome masharti yake.

Kufuta na kuweka upya wakati huu hulipa mara chache mno, kwani adhabu hupanda kwa ngazi kadiri siku zinavyokaribia mpaka kufikia nauli yote.

Hatua ya 7: Jua salio lako ni la aina gani

Kwenye ankara nyingi huandikwa OBC. Linalorejeshwa, lisipotumika, hurudi kwako mwisho wa safari. Lisilorejeshwa hufa usiku wa mwisho. Tofauti nyingine ni kama ni la chumba au la kila mtu: "50" kwa mtu, wakiwa wawili, ni 100.

Salio la wenye hisa huombwa kwa kila safari, halijiingizi lenyewe. Kwa kampuni ya meli za kitalii ya Carnival Corporation, mwenye angalau hisa 100 hupata dola 50 kwa safari ya siku 6 au pungufu, 100 kwa siku 7 hadi 13, na 250 kwa siku 14 na zaidi. Omba wiki kadhaa kabla ya kuondoka. Halilipi kasino wala bakshishi ya kila siku, kwa hiyo lipangie matumizi mengine.

Salio lisilorejeshwa la kawaida, kwa kampuni nyingi, hulipa bakshishi ya kila siku inayoingia kwenye akaunti ya chumba. Hapo ndipo mahali pake bora. Maana yake, ukiwa na salio kubwa usilipie bakshishi mapema nyumbani, labda kama kampuni imetangaza kuipandisha. Wanaolipia kila kitu kabla hujikuta usiku wa mwisho dukani wakinunua saa wasiyoihitaji.

Ukinunua vinywaji, kumbuka kampuni nyingi huongeza asilimia 18 hadi 20 ya huduma juu ya bei ya orodha. Dola 100 za salio ni takriban dola 83 za menyu ikiwa nyongeza ni 20.

Hatua ya 8: Vifurushi ulivyolipia kabla

Vinywaji, intaneti, migahawa ya kulipia na matembezi ya bandarini navyo hubadilika bei, na mara nyingi ni rahisi zaidi kabla ya safari kuliko melini. Kwa kawaida unaweza kufuta na kununua upya kabla ya dirisha la mauzo kufungwa. Mfumo mara nyingi hukataa vifurushi viwili vya aina moja kwa abiria mmoja, kwa hiyo fika kwanza hadi hatua ya mwisho uhakikishe bei mpya ipo, ndipo ufute. Marejesho huchukua siku kadhaa, hivyo kadi iwe na nafasi ya kubeba malipo yote mawili kwa muda. Kama kadi yako ni ya sarafu nyingine, kununua na kurejeshewa hufanywa kwa viwango tofauti vya ubadilishaji fedha, na punguzo la dola 3 linaweza kuishia hapo.

Hatua ya 9: Melini

Siku ya kwanza, fungua akaunti ya chumba kwenye programu ya meli au televisheni. Kama salio halijaingia, nenda mapokezi na nakala ya karatasi ya ankara, kwa sababu intaneti inaweza isikuruhusu kufungua barua pepe. Wenzi wenye akaunti mbili tofauti huenda wakakuta salio lote limeingia kwa mmoja, mapokezi hulihamisha.

Usiku wa kabla ya ule wa mwisho, angalia kilichobaki, maana usiku wa mwisho foleni ya mapokezi ni ndefu na duka hufungwa meli ikiwa bandarini. Uliyefungua akaunti kwa fedha taslimu badala ya kadi, chukua baki yako kabla ya kushuka.