Kuandaa faili la Excel kabla ya kuingiza data kwenye programu

Data ikikataliwa na mfumo, au ikiingia ikiwa mbovu, mara nyingi kosa lilishafanyika ndani ya Excel bila mtu kuliona.

Pakua kwanza kiolezo cha programu yenyewe, yaani faili la mfano lenye kolamu inazozitaka, na usiguse majina ya kolamu zake. "Jina_la_kwanza" na "Jina la kwanza" kwako ni kitu kimoja. Kwa programu ni viwili. Majina hayo yakae mstari wa 1. Ondoa nembo, mistari ya jumla na seli zilizounganishwa. Rangi nazo hazisafiri: kama nyekundu ilimaanisha "hajalipa", fungua kolamu ya hali uandike hivyo.

Sasa sehemu inayoumiza wengi. Kabla hujabandika chochote, zipe kolamu za simu, akaunti na vitambulisho umbizo la maandishi (Text). La sivyo, 00457 itahifadhiwa kama 457, na 1234567890123456 itageuka 1234567890123450, kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Kubadili umbizo baadaye hakurudishi kilicholiwa. Itabidi urudi kwenye chanzo.

Tarehe zina ujanja wake. 03/04/2025 ni Aprili 3 au Machi 4? Kama kiolezo hakielekezi vingine, andika 2025-04-03. Ukikuta 45750 mahali pa tarehe usishtuke: Excel huhesabu siku kuanzia Januari 1, 1900, na hiyo ndiyo Aprili 3, 2025. Kama tarehe iko kwenye seli C2, fomula =TEXT(C2,"yyyy-mm-dd") itaiweka sawa.

Halafu nafasi zisizoonekana. Ukiandika =LEN(A2) kwenye seli yenye "Asha" ukapata 5, kuna herufi imejificha. TRIM huondoa nafasi za kawaida, lakini ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni huiacha. Tumia =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")), kisha nakili matokeo na uyabandike kama thamani, si kama fomula.

Marudio yatafute kwa =COUNTIF(A:A,A2); jibu likizidi 1, kuna jirudio. Ila usiiamini kwa namba zenye tarakimu zaidi ya 15, hata zikiwa maandishi: huzilinganisha kama namba, hivyo mbili zinazotofautiana mwishoni huziona sawa.

Hifadhi kama CSV ya UTF-8 (faili la maandishi matupu, kolamu zikitenganishwa kwa alama kama koma; UTF-8 ni namna ya kuhifadhi herufi), ukiitunza nakala ya Excel pembeni. CSV hubeba karatasi moja tu, ile iliyo wazi. Ikague kwa Notepad uone kama kitenganishi ni koma au nukta mkato, maana hufuata mipangilio ya kompyuta. Usiibofye mara mbili: itafunguka kwa Excel, sifuri za mwanzo zitaliwa tena, na ukihifadhi ndiyo basi.

Jaribu na mistari 10 migumu: yenye sifuri mwanzoni, yenye koma ndani ya anwani, yenye seli tupu. Wateja waingie kabla ya ankara zao, la sivyo ankara zitakosa mwenyewe. Ukiambiwa kosa liko mstari wa 48, tazama na wa 49, kwani baadhi ya programu hazihesabu mstari wa majina. Na kabla ya kuingiza faili zima, chukua nakala rudufu ya mfumo, kwa sababu programu nyingi hazina kitufe cha kutendua uingizaji.