Mbwa watatu, bakuli tatu

Kama una mbwa kadhaa uani, acha kuwamwagia ugali na dagaa kwenye sinia moja. Kila mmoja ale kwenye bakuli lake, kona yake, na baada ya dakika 15 uondoe vyombo. Ugomvi utapungua, ndiyo, lakini faida kubwa ni nyingine: mbwa anayeumwa mara nyingi huanza kwa kususa chakula, na kwenye sinia moja hutajua nani kasusa, kwa sababu wenzake watamlia sehemu yake na sinia litang'aa kama kawaida. Akisusa mara mbili mfululizo, inua mdomo wake utazame fizi. Zikiwa zimepauka, huenda ni homa ya kupe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dawa ya minyoo wape wote siku moja, la sivyo aliyebaki atawaambukiza wenzake upya. Kipimo hufuata uzito: panda kwenye mizani umembeba, kisha toa kilo zako. (Jibwa la kilo 40 usijaribu, utaumia mgongo.)

Kupe nao hivyo hivyo, wote kwa pamoja, na usisahau banda, maana kupe wa mbwa hujificha kwenye nyufa za kuta. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiichanganye kwa kukisia, inaweza kumuua mbwa.

Chanjo ya kichaa, tarehe moja kwa wote. Iandike nyuma ya mlango wa stoo.