Chapeni magome ya miti yenu kwenye kitambaa

Kabla ya kushika krayoni, zungukeni mashambani na mzee anayeijua miti kwa majina. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, na nusu ya chapa zetu zikawa za mgrivea na mwarobaini. Mgrivea kwao Australia, mwarobaini Bara Hindi. Sina ugomvi nayo, ila sherehe tuliyoichapia ilikuwa ya miti ya asili ya kwetu. Tafuteni mkuyu wa bondeni, mvule uliosazwa katikati ya shamba, mninga wa mpakani.

Vifaa ni krayoni za nta zilizovuliwa karatasi, kamba, na vipande vya kitambaa cheupe cha pamba, sentimita 50 kwa 50. Vifueni kwanza wanga utoke, la sivyo rangi haishiki vizuri. Mkaa achaneni nao. Sisi tuliutumia, tukakunja chapa kumi na mbili pamoja, tukaja kukunjua wingu moja jeusi.

Gome liwe kavu. Fungeni kitambaa kwa kamba, msipigilie misumari. Mmoja akikaze kwa viganja, mwenzake alaze krayoni ubavu na kusugua kuelekea upande mmoja. Asikandamize: matuta yatashika rangi, nyufa zitabaki nyeupe zenyewe. Mninga hauna mpinzani hapa, gome lake limepasukapasuka kama mgongo wa mamba. Mkuyu ndio husumbua. Gome lake ni laini, kitambaa hutoka karibu kitupu, basi chapeni majani. Jani lilazwe tumbo juu, maana huko ndiko mishipa imetokeza. Msisahau tunda la mninga: duara lenye miba katikati na ubawa mwembamba kuzunguka. Punguzeni miba kwa mkasi, lifunikeni kwa kitambaa, sugueni. Hutokea kama jua lenye miale, na watoto huligombania.

Kisha wekeni kila kipande kati ya karatasi mbili, mpige pasi ya moto. Nta huyeyukia kwenye karatasi, rangi ikabaki kitambaani.

Kushona vipande viwe kitambaa kimoja ni kazi ya jioni moja, mkishakubaliana mpangilio. Mimi hupanga vipande kama mashamba yanavyopakana. Mninga wetu wa mpakani majirani wawili walidai kila mmoja ni wake, mshono ukafumuliwa mara mbili. Mwishowe tuliuchapa upya, upande wa huku na upande wa kule.