Mwanzilishi, Kura na Kengele ya Soko: Jinsi ya Kuamua Kama Kampuni ya Mtandao wa Kijamii Iuze Hisa kwa Umma

Asubuhi ya tarehe 18 Mei 2012, Mark Zuckerberg alibonyeza kengele ya kufungua soko la hisa la Nasdaq akiwa Menlo Park, California, kwenye makao makuu ya kampuni yake ya Facebook, amevaa sweta lake lenye kofia huku wafanyakazi wakimshangilia. Mitambo ya soko ikazidiwa, na biashara ya hisa za Facebook, zilizokuwa zikiuzwa kwa umma kwa mara ya kwanza, ikachelewa kuanza kwa takriban nusu saa. Hisa iliyouzwa kwa dola 38 ilifunga siku kwa dola 38.23, na kabla miezi minne haijatimia ilikuwa inapatikana kwa chini ya dola 18. Mwaka mmoja na nusu baada ya siku ile, Twitter nayo iliingia sokoni New York kwa dola 26 na kufunga siku ya kwanza kwa dola 44.90. Aliyetazama bei za siku ya kwanza pekee angesema Twitter ndiyo iliyoamua vizuri. Leo Zuckerberg bado anaiongoza kampuni yake, ilhali Twitter ilinunuliwa yote Oktoba 2022 na kuondolewa sokoni.

Mwongozo huu ni wa mwanzilishi, mjumbe wa bodi au mwekezaji wa awali anayepaswa kujibu swali la kama kampuni yake iuze hisa kwa umma kabla mabenki hayajaanza kubisha hodi. Rai yangu naiweka wazi mapema: suala la fedha ni la pili. La kwanza ni kura zinazoambatana na hisa, kwa maana kura zikishagawiwa kwa umma hazirudi, lakini fedha zinaweza kutafutwa kwingine.

Uliza fedha zinakwenda kwa nani

Toleo la hisa linapotangazwa, watu husikia kiasi kikubwa kimekusanywa na kudhani chote kimeingia kwenye kampuni. Facebook ilikusanya dola bilioni 16, lakini kati ya hisa takriban milioni 421 zilizouzwa, kampuni yenyewe iliuza milioni 180 tu. Milioni 241 ziliuzwa na waliokuwa wamiliki tayari. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaukumbuka mfano ulio wazi zaidi: hisa bilioni 10 za Safaricom zilizouzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja zilikuwa za serikali, hivyo fedha zilikwenda hazina na si kwenye kampuni. Hakuna dosari katika hilo, mradi bodi iseme ukweli kwamba inawafungulia mlango wanaotaka kutoka.

Facebook haikuwa na njaa ya mtaji. Mwaka 2011 ilipata mapato ya dola bilioni 3.7 na faida ya dola bilioni 1. Iliyoisukuma ni sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 kuhusu masoko ya dhamana ilikuwa inaitaka kampuni yenye wamiliki wa hisa zaidi ya 500 na mali ya zaidi ya dola milioni 10 ianze kutoa taarifa zake za fedha hadharani, ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa hesabu kwisha, hata kama haijauza hisa yoyote sokoni. Wafanyakazi wa sasa na wa zamani wa Facebook walikuwa wakiuza hisa zao pembeni, katika masoko ya faragha, na kila mnunuzi mpya aliongeza jina kwenye daftari. Ilikuwa ibebe mzigo wa uwazi bila kupata manufaa ya soko. Aprili 2012, Marekani ilipandisha kiwango hicho hadi wamiliki 2,000, wakati Facebook imebakiza wiki chache tu kuingia sokoni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua daftari la wanahisa na kuhesabu majina, kisha kuwauliza wafanyakazi wa muda mrefu wanahitaji nini. Mtu aliyelipwa nusu mshahara na nusu hisa kwa miaka 6, ana watoto shuleni na hawezi kuuza kitu, hatavumilia milele. Ikiwa shida ni hiyo peke yake, mwekezaji mkubwa anaweza kuzinunua hisa za wafanyakazi kwa bei iliyokubaliwa mara moja kwa mwaka, na suala la soko likasubiri.

Piga hesabu ya kura kwa mkono wako

Usiwaachie mawakili hesabu hii. Chukua kampuni yenye hisa milioni 100. Mwanzilishi ana hisa milioni 20 za daraja B, kila moja ikiwa na kura 10. Wengine wote wana hisa milioni 80 za daraja A, kila moja kura 1. Yeye ana kura milioni 200, wao wana milioni 80. Anamiliki asilimia 20 ya kampuni na ameshika asilimia 71 ya maamuzi. Kwa kawaida hisa ya daraja B ikiuzwa hugeuka kuwa ya daraja A, hivyo kila anapouza, wingi wake unapungua. Akibakiwa na milioni 9, ana kura milioni 90 dhidi ya 91, na siku hiyo anaweza kuondolewa katika kampuni aliyoianzisha. Mpaka uko kwenye asilimia 9 na ushee. Mwanzilishi anayepanga kununua nyumba kubwa, kutoa sadaka kubwa au kuachana na mwenzi wake aijue namba hiyo kabla ya kengele.

Huo ndio muundo walioutumia Facebook, ila kwa nyongeza moja muhimu. Wawekezaji wa awali nao walikuwa na hisa za kura 10, kwa hiyo Zuckerberg peke yake hakuwa na wingi. Alipata takriban asilimia 57 ya kura kwa kujumlisha hisa zake na mikataba ambayo baadhi ya wawekezaji hao walimpa haki ya kuwapigia kura. Mikataba ya namna hiyo hupatikana wakati wawekezaji wanakugombania. Ukienda kuiomba wiki ya mwisho, umechelewa.

Twitter ilikwenda sokoni na daraja moja tu, hisa moja kura moja, na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wake, akiwa na chini ya asilimia 5. Mapema mwaka 2020, Elliott Management, mfuko wa uwekezaji wenye hisa kiasi tu, ulianza kushinikiza aondolewe kwenye uongozi. Yakafikiwa maelewano Machi mwaka ule na mfuko ukapata kiti kwenye bodi. Novemba 2021 Dorsey akaondoka. Aprili 2022 bilionea Elon Musk akatangaza kuwa amenunua zaidi ya asilimia 9 kimyakimya, na kabla mwezi haujaisha alikuwa na mkataba wa kununua zote kwa dola 54.20 kila moja, jumla ya dola bilioni 44. Wanahisa walipata bei nzuri, na bodi ilitimiza wajibu wake kwao. Hata hivyo, kama lengo la waanzilishi lilikuwa kuamua mtandao ule utaendeshwaje, uamuzi huo waliupoteza mwaka 2013.

Kuna pia kupitiliza. Machi 2017 Snap, kampuni ya mtandao wa Snapchat, iliuzia umma hisa zisizo na kura hata moja kwa dola 17, huku waanzilishi wake Evan Spiegel na Bobby Murphy wakibaki na zaidi ya asilimia 88 ya kura. Kufikia Julai bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 17, na mwishoni mwa mwezi huo watunzaji wa faharisi (orodha ya kampuni kubwa za Marekani inayotumika kupima soko) ya S&P 500 wakatangaza kuwa kampuni mpya zenye madaraja mengi ya hisa hazitaingizwa; zuio hilo lilidumu hadi 2023. Kukosa faharisi ni kukosa mifuko yote inayonunua kwa kuifuata. Ushauri wangu ni kura 10 kwa 1, pamoja na kifungu kinachoziondoa kura za ziada mwanzilishi akiacha kazi au akifariki. Mfumo wa kifalme unaorithiwa siupendekezi kwa kampuni inayohifadhi mazungumzo ya watu.

Isome siri yako kabla soko halijaisoma

Waraka wa matarajio, yaani taarifa ambayo kampuni huiwasilisha hadharani kabla ya kuuza hisa, ndio kipimo kigumu kuliko vyote. Mitandao ya kijamii ina udhaifu wake wa pekee: huweza kuwa na watumiaji mamia ya milioni na bado ikategemea chanzo kimoja cha mapato. Waraka ambao Facebook iliuwasilisha tarehe 1 Februari 2012 ulionyesha watumiaji milioni 845 kwa mwezi na kwamba matangazo yalileta asilimia 85 ya mapato. Ndani yake mlikuwa na sentensi iliyostahili wino mwekundu: watu walikuwa wanahamia kwenye simu, na kampuni ilikiri kwamba haikuwa ikipata mapato ya maana kutoka kwenye simu. Tarehe 9 Mei, siku chache kabla ya kuuza, waraka ulirekebishwa ili kulikazia jambo hilo.

Katika siku hizo wachambuzi wa benki zilizosimamia toleo walishusha makadirio yao, na wateja wakubwa wakasikia kabla ya mwananchi wa kawaida. Kesi zilifuata, na mwishoni mwa 2012 jimbo la Massachusetts likaitoza Morgan Stanley, benki iliyoongoza toleo hilo, faini ya dola milioni 5. Kwa hiyo ukiwa na doa kama hilo, una njia mbili za heshima: kuahirisha mpaka ulisafishe, au kuliandika ukurasa wa mbele kwa lugha ambayo fundi wa simu ataielewa. Kumnong'oneza mwenye benki hakumo.

Bei, na siku za kizuizi

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maombi yalipofurika, wasimamizi wa toleo la Facebook walipandisha kiwango cha bei kutoka dola 28 hadi 35 na kukifanya dola 34 hadi 38, kisha wakaongeza idadi ya hisa kwa takriban robo. Bei ikawekwa kwenye kilele kabisa. Hakukubaki nafasi ya kupanda, na mwalimu au muuza duka aliyenunua siku ile alikaa na hasara kwa zaidi ya mwaka. Kwa kampuni ya kawaida hilo ni suala la wawekezaji. Kwa mtandao wa kijamii wanunuzi wadogo ndio watumiaji wenyewe, na ukiwakera kama wanahisa umewakera pia kama wateja.

Mtandao wa majadiliano Reddit, iliyoanzishwa 2005 na kuingia sokoni tarehe 21 Machi 2024 kwa dola 34, ilitenga sehemu ya hisa kwa watumiaji wake na wasimamizi wa majukwaa yake, bila kuwafunga na kipindi cha kutouza. Ilifunga siku kwa dola 50.44. Nadhani huo ni uungwana unaostahili kuigwa, ingawa una hatari yake: jukwaa zima likinung'unika, linanung'unika likiwa na hisa mkononi.

Panga pia tarehe ambazo watu wa ndani wataruhusiwa kuuza. Facebook iligawanya kizuizi chao cha kuuza kwa awamu. Awamu ya kwanza, hisa milioni 271, ilifunguliwa tarehe 16 Agosti 2012 na bei ikashuka chini ya dola 20. Tarehe 4 Septemba, bei ikiwa imefikia dola 17 na ushee, kampuni ilitangaza kwamba Zuckerberg hana nia ya kuuza hisa yoyote kwa angalau miezi 12. Novemba zikafunguliwa hisa milioni 800, mara tatu ya zile za Agosti, na siku hiyo bei ikapanda. Ahadi ya mwanzilishi kutouza iandaliwe mapema na kuwekwa akiba.

Pale ambapo jibu ni hapana

Kama kampuni haina mapato inayoyaelewa, isiende. Instagram ilikuwa na wafanyakazi 13 na haikuwa na mapato ilipouzwa kwa Facebook Aprili 2012 kwa dola bilioni 1, sehemu taslimu na sehemu hisa, na sioni soko la umma lingewapa nini zaidi wakati ule. Aidha, kuuza baadaye hakuzuiwi na kuorodheshwa: LinkedIn iliingia sokoni Mei 2011 kwa dola 45, na mwaka 2016 ikauzwa kwa Microsoft kwa dola bilioni 26.2 kwa ridhaa ya Reid Hoffman, mwanzilishi mwenza aliyekuwa ameshika wingi wa kura. Kura zake ziliweza kuyazuia mauzo; za Dorsey hazikuweza.

Jibu ni hapana pia kama mwanzilishi hawezi kukaa kimya bei inaposhuka. Facebook ilihitaji zaidi ya mwaka kuhamishia matangazo kwenye simu: asilimia 14 ya mapato ya matangazo katika robo ya tatu ya 2012, 23 katika robo iliyofuata, 30, kisha 41 katika robo ya pili ya 2013. Bei ya dola 38 ilirudi mwanzoni mwa Agosti mwaka huo. Bodi inayoweza kumfukuza kiongozi Septemba 2012 huenda ingemfukuza.

Ikiwa baada ya yote haya bado unaelekea ndiyo, fanya jaribio moja kabla ya kuwasilisha waraka. Kwa robo mbili za mwaka mfululizo, andaa makadirio, funga hesabu, itisha mkutano wa maswali na wajumbe wa bodi wakijifanya wachambuzi, na uyaweke yote kwenye tarehe zile zile ambazo soko lingezidai. Makadirio yakikosea sana mara zote mbili, ahirisha mwaka mmoja na umwambie mwenye benki arudi baadaye.